Hema la matanga likishang'olewa, mfiwa atamwendea nani?

Hapa Kenya ni nadra mtu kuomboleza peke yake. Habari za msiba zikitoka asubuhi, kabla ya machweo majirani wamefika, kamati ya mazishi imeundwa, mweka hazina ameteuliwa na daftari la michango limefunguliwa. Hema husimamishwa uani, viti vya kukodi huletwa, na sufuria kubwa za kanisa au za chama cha akina mama huazimwa.

Kwa muda wa wiki moja au mbili mfiwa hapati nafasi hata ya kuketi. Anaulizwa ni picha ipi itumike katika tangazo la gazeti, nani atasoma wasifu wa marehemu, gari la maiti litapitia njia gani, na gharama za hospitali zitalipwaje ili mwili uachiliwe. Jioni wanakuja watu wa maombi. Usiku ni mkesha.

Kisha marehemu anazikwa. Kesho yake hema linang'olewa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, jamaa waliotoka mbali wanapanda matatu za alfajiri, na lile kundi la WhatsApp lililokuwa likilia kutwa kwa habari za michango linanyamaza kimya. Kwa wengi, msiba wenyewe huanza siku hiyo.

Makala haya yanahusu kipindi hicho cha baada ya mazishi, na huduma ambayo Wakenya husikia ikitajwa redioni kila janga linapotokea ilhali wachache mno huitafuta kwa hiari yao: ushauri nasaha kwa waliofiwa.

Si kwamba wazee wetu hawakujua kuwaliwaza wafiwa. Walijua sana. Katika mwambao wa Pwani, watu hukaa matanga, husoma hitima, na arobaini ikifika hukusanyika tena. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Eda ni hukumu ya dini, lakini pia humpa mama huyo muda ambao hakuna anayemtarajia kuchangamka wala kuamua mambo mazito.

Miongoni mwa Wabukusu wa magharibi mwa nchi, mzee wa heshima anapofariki, siku chache baada ya maziko huitwa msemaji maalumu anayesimama mbele ya watu na kutoa hotuba ndefu, kwa desturi iitwayo khuswala kumuse. Msemaji huyo huisimulia historia ya ukoo, huwaonya wanaotaka kutupiana lawama kuhusu kifo hicho, na huwaambia walio hai namna ya kuishi baada yake. Anayeisikiliza hotuba hiyo kwa makini atatambua kwamba ni tiba ya ukoo mzima.

Tatizo ni kwamba mila hizo zilijengwa juu ya jamii iliyokaa pamoja. Mjane alipoamka usiku akilia, wifi yake alikuwa nyumba ya pili. Leo mjane huyo yuko katika chumba cha kupanga mtaani Pipeline au Kayole, jirani hamjui jina, na Jumatatu anatakiwa kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja likizo ya mwaka, ya uzazi na ya ugonjwa, lakini haikuweka kifungu cha likizo ya kufiwa. Siku tatu au tano anazopewa mfanyakazi hutokana na hisani ya mwajiri au makubaliano ya chama cha wafanyakazi.

Janga la Covid-19 lilifichua jinsi tulivyozitegemea desturi hizi. Mwaka 2020 serikali ilipoamuru kwamba waombolezaji mazishini wasizidi 15 na maziko yafanywe kwa haraka, wengi walizika wapendwa wao bila mkesha wala matanga. Baadhi yao wangali wanasema hadi leo kwamba hawajazika.

Neno lenyewe "ushauri nasaha" nalo lina mizigo yake hapa nchini. Mnamo Novemba 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na katika miaka iliyofuata vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vikaenea hadi vijijini. Kwa hivyo mtu akionekana akiingia katika chumba chenye maandishi hayo, jirani alidhani ameenda kupimwa virusi. Shuleni nako, baada ya kiboko kupigwa marufuku mwaka 2001, walimu waliagizwa watumie ushauri na maelekezo badala yake, na wanafunzi wengi wakakua wakiamini kwamba anayeitwa katika ofisi ya mshauri ni yule aliyekosa adabu.

Mtu aliyelelewa na fikira hizo mbili hataenda kwa mshauri eti kwa kuwa mamake amefariki. Atajiuliza: mimi ni mgonjwa? Nimemkosea nani?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba majonzi si ugonjwa. Aliyefiwa hukosa usingizi, hupoteza hamu ya chakula, husahau alikoweka ufunguo, huhisi kifua kimebana. Huenda akamsikia marehemu akikohoa chumba cha pili, au akamwona kwa kisogo katika umati wa watu barabarani. Akina mama wengi huficha jambo hili wakihofia kuambiwa wamerukwa na akili au wana mapepo. Hawana lolote kati ya hayo. Ni jambo la kawaida kwa waliofiwa karibuni, na kwa walio wengi hupungua lenyewe.

Wala majonzi hayafuati ngazi. Huenda msomaji amewahi kusikia kuhusu hatua tano: kukana, ghadhabu, kujadiliana na Mungu, unyonge na hatimaye kukubali. Hatua hizo zilitangazwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross katika kitabu alichochapisha mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa mahututi mjini Chicago. Aliwasikiliza watu waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakazigeuza kuwa ratiba ya wafiwa, na hadi leo mtu huulizwa mbona hajafika hatua ya hasira, kana kwamba amechelewa gari.

Maelezo yanayokaribiana zaidi na maisha yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Wao walisema mfiwa huenda na kurudi: mara yumo ndani ya uchungu wa kumkosa marehemu, mara anashughulikia maisha mapya aliyoachiwa. Mama muuzaji wa mboga anayecheka na wateja sokoni mchana na kulia usiku akikunja shati la marehemu mumewe si mnafiki, wala hajasahau upesi kama wasemavyo mawifi. Anafanya kazi zote mbili, na afya yake inahitaji zote mbili. Wa kutiliwa shaka ni yule asiyelia kabisa miezi nenda miezi rudi, au asiyeweza kufanya lolote ila kulia.

Kwa sababu hiyo, si kila mfiwa anahitaji mshauri. Ni vyema jambo hili lisemwe wazi, maana kuna wanaoiuza huduma hii kana kwamba ni chanjo ya kila mtu. Mwaka 2008, Joseph Currier, Robert Neimeyer na Jeffrey Berman walichapisha uchambuzi wa tafiti 61 kuhusu usaidizi kwa waliofiwa. Waligundua kwamba ushauri unaotolewa kwa kila aliyefiwa, awe anauhitaji au hauhitaji, huleta faida ndogo isiyodumu. Faida ya kweli ilionekana kwa wale ambao tayari walikuwa wamelemewa.

Basi ni nani aliyelemewa? Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliingiza kwa mara ya kwanza tatizo la majonzi yasiyopungua. Kipimo chake ni kwamba hamu ya marehemu au kumwaza daima kumeendelea kwa zaidi ya miezi sita, kwa kiwango kinachopita desturi za jamii na dini ya mfiwa, na kumemzuia kuishi maisha yake ya kila siku. Wataalamu wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka huohuo, waliweka mwaka mmoja kwa watu wazima na miezi sita kwa watoto. Tofauti hiyo yenyewe inaonyesha kwamba hakuna tarehe takatifu. Muhimu ni kutazama iwapo mtu anasogea, hata kama ni kwa mwendo wa kinyonga.

Kuna ishara ambazo hazifai kusubiri miezi sita. Mfiwa ambaye ameanza kunywa pombe ili apate usingizi, asiyekula, aliyeacha kuwaogesha na kuwalisha watoto, au anayesema afadhali amfuate marehemu, anahitaji msaada wiki hiyo hiyo. Awali wengi waliogopa kuitamka fikira hiyo ya mwisho kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayemwambia daktari au mshauri kwamba amewaza kujiua anaeleza dalili, na ashughulikiwe hivyo.

Vilevile kuna vifo ambavyo jamii haivipi matanga, na pengine hapa ndipo ushauri unapohitajika zaidi. Mama ambaye mimba yake imeharibika, au ambaye mtoto wake amezaliwa akiwa amekufa, huambiwa "utapata mwingine" na kurudishwa jikoni. Hakuna hema, hakuna mchango, mara nyingine hata kaburi halijui. Mwanamke aliyeishi na mwanamume kwa miaka kumi bila mahari kutolewa hujikuta akisukumwa nyuma siku ya mazishi, jina lake likiachwa nje ya wasifu. Familia ya aliyejitoa uhai nayo hulia kwa siri. Katika baadhi ya jamii za magharibi mwa nchi, mti aliojinyongea mtu hukatwa na kuchomwa, na wafiwa hubaki na aibu juu ya huzuni. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1980 kuhusu majonzi ya namna hii, ambayo jamii haiyatambui. Mtu aliyenyimwa haki ya kulia hadharani huhitaji angalau mahali pamoja pa kulilia.

Na kuna wasiojua kama wamefiwa. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Jamaa walitoa sampuli za vinasaba, wakasubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia mjini Malindi mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya ufukuaji kuanza, na familia nyingine zikarudi nyumbani mikono mitupu. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeanza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, aliliita jambo hili msiba usio bayana. Mtu hawezi kuomboleza kwa sababu kufanya hivyo ni kama kumuua aliye hai, na hawezi kuendelea na maisha kwa sababu huenda mlango ukabishwa leo usiku. Sheria ya Ushahidi ya Kenya huruhusu mtu achukuliwe kuwa amefariki iwapo hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia. Miaka saba ni mingi kwa mama anayeweka sahani ya ziada mezani. Mshauri mwema hamlazimishi mama huyo akubali kifo. Humsaidia kuishi na mambo mawili kwa pamoja: huenda yupo, huenda hayupo, na watoto waliobaki wanahitaji karo.

Sasa, hufanyika nini ndani ya chumba hicho? Swali hili huwazuia wengi, kwani wanadhani watalazwa kitandani au watahubiriwa.

Kwa kawaida ni chumba cha viti viwili au vitatu, meza ndogo na pakiti ya karatasi za shashi. Kikao huchukua muda wa takribani saa moja. Mshauri hujitambulisha, hueleza ada kama ipo, na hueleza kuhusu siri. Anayoyasikia hayatoki nje, ila katika hali chache: iwapo maisha ya mteja au ya mtu mwingine yamo hatarini, iwapo mtoto anadhulumiwa, au iwapo mahakama imeamuru. Ni haki ya mteja kuelezwa haya kabla ya kufungua kinywa, na asiyeelezwa na aulize.

Baada ya hapo mfiwa huombwa asimulie. Kazi kubwa ya vikao vya mwanzo ni hiyo tu: kuisimulia siku ile, tangu simu ilipolia, kwa mtu ambaye hatashtuka, hatamkatiza kwa "jikaze" wala "kazi ya Mungu haina makosa". Jamaa na marafiki huyatamka maneno haya kwa nia njema, lakini humfunga mfiwa mdomo. Mshauri anauliza alivaa nini marehemu, walizungumza nini mara ya mwisho, na ni lipi ambalo mfiwa hajamwambia mtu yeyote.

Jambo hilo ambalo halijasemwa, mara nyingi, ni hatia. Lau ningalimpeleka hospitali mapema. Lau nisingalimtuma dukani usiku ule. Lau nisingaligombana naye asubuhi. Mshauri hakimbilii kusema "si kosa lako", kwa maana mfiwa ameshaambiwa hivyo mara mia na hajaamini. Humrejesha katika siku ile, wakaitazama pamoja: ulijua nini saa ile? Ulikuwa na pesa ngapi? Gari lilipatikana saa ngapi? Polepole mtu huanza kutofautisha alichokijua wakati huo na anachokijua leo. Wakati mwingine kosa huwa la kweli, na hapo kazi hubadilika ikawa ya kutafuta namna ya kuomba radhi kwa mtu ambaye hayupo. Wengine huandika barua. Wengine huketi mbele ya kiti kitupu wakasema na marehemu kwa lugha ya mama, na ndiyo maana si jambo dogo kumpata mshauri anayeijua lugha yako.

Vikao vya baadaye huingia katika mambo ya nyumbani. Nguo zake zigawiwe lini, na nani? Simu yake izimwe? Krismasi ya kwanza tutaipitishaje? Nani ataenda mkutanoni shuleni, ikiwa siku zote alikuwa yeye? Haya huonekana madogo kwa asiyefiwa. J. William Worden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 kingali kinatumika kuwafunza washauri, aliyahesabu miongoni mwa kazi za mfiwa: kuukubali ukweli, kuupitia uchungu, kujizoesha dunia isiyo na marehemu, na kumpatia marehemu mahali moyoni pasipozuia maisha. Zamani baadhi ya wataalamu walishikilia kwamba sharti mfiwa amwachilie marehemu kabisa. Msimamo huo umelegezwa, na kusema kweli jamii zetu, ambazo humpa mjukuu jina la babu aliyekufa, hazikuwahi kuuamini.

Kuna mambo ambayo mshauri hayafanyi. Haandiki dawa, akiona dalili za ugonjwa wa sonona au mtu hajalala kwa majuma, humpa rufaa kwa daktari. Haamui kesi ya shamba. Wajane wengi huja na uchungu wa kifo uliochanganyika na barua kutoka kwa shemeji inayodai hatimiliki, na katika hali hiyo hata ushauri bora hautatosha bila wakili au ofisi ya msaada wa kisheria. Mshauri anayejua kazi yake atasema hivyo kikao cha kwanza.

Kwa watoto mambo huwa tofauti, na hapa wazazi wetu wana tabia moja ambayo inafaa kuachwa. Mtoto huambiwa "baba amesafiri". Mtoto mdogo huyapokea maneno jinsi yalivyo, akaanza kungoja. Akigundua ukweli kutoka kwa watoto wenzake shuleni, hupoteza baba na pia hupoteza imani kwa yule aliyebaki. Ni heri aambiwe kwa maneno mepesi kwamba baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi, na kwamba hakukufa kwa sababu ya utundu wa mtoto. Watoto wengi hudhani hivyo bila kusema. Huzuni yao hujitokeza kwa kukojoa kitandani, kupigana au kushuka masomoni, nao hucheza dakika tano baada ya kulia, jambo ambalo watu wazima hulitafsiri vibaya.

Ushahidi mzuri kuhusu watoto unatoka papa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwashirikisha watoto 640 wa kati ya miaka 7 na 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika eneo la Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia wa chuo kikuu. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, wakakutana na watoto kwa vikundi, pamoja na walezi wao, kwa vikao 12 na vichache vya mtoto mmoja mmoja. Watoto walifunzwa kutuliza mwili, kisha wakaisimulia habari ya kifo hatua kwa hatua badala ya kuikimbia. Kwa upande wa Kenya, mjini na mashambani, watoto hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo mwaka mmoja baadaye. Nchini Tanzania, baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Funzo kwa kaunti zetu liko wazi: kukosa wanasaikolojia wa kutosha si sababu ya kuwaacha mayatima bila msaada.

Nchi hii imepata mafunzo mengine kwa njia ya machungu. Bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwaona washauri nasaha wakifanya kazi hadharani. Madaktari na washauri waliungana katika mpango ulioitwa Operation Recovery kuwahudumia manusura na wafiwa. Tangu hapo kila janga huwa na hema la ushauri. Lilikuwapo Aprili 2015, jamaa za watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa walipokuwa wakisubiri jijini Nairobi kuitambua miili ya wapendwa wao. Lilikuwapo tena Septemba 2024, baada ya moto kuwaua wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri.

Hema hilo lina manufaa. Mzazi aliyetoka kuutambua mwili wa mwanawe anahitaji maji, kiti, na mtu wa kumshika mkono. Lakini siku hiyo si siku ya kumdodosa aeleze yote. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na kundi la Cochrane mwaka 2002 haukupata ushahidi kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mara baada ya janga humkinga na madhara ya baadaye, na kwa wengine huenda kikawadhuru. Kinachopendekezwa siku hizo za kwanza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: usalama, mahitaji ya mwili, habari za kweli, kuunganishwa na jamaa. Ushauri wenyewe hufuata baadaye. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kosa letu kubwa ni kwamba hema hujaa washauri wiki ya kwanza, kamera zikiwapo, na mwezi wa sita, mfiwa anapowahitaji, hakuna hata anayekumbuka namba yake ya simu.

Basi aliyelemewa aanzie wapi? Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kitengo cha afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii, na ada zake huwa nafuu kuliko za kliniki za kibinafsi. Jijini Nairobi ipo Hospitali ya Mathari, na vipo vituo vya miaka mingi kama vile Amani Counselling Centre. Familia iliyomuuguza mgonjwa wa saratani na iliyohudumiwa na hospisi, mathalani Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990, inaweza kuirudia hospisi hiyo baada ya kifo, kwa maana kuwatunza wafiwa ni sehemu ya kazi yao. Aliye mbali na mji anaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Makasisi, maimamu na wachungaji hubaki kuwa kimbilio la kwanza la wengi, na baadhi yao wamesomea ushauri. Wasiosomea hufaa pia, mradi wajue kikomo chao.

Jihadhari na walaghai. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayefanya kazi hii asajiliwe, lakini mabango ya "mshauri" yangali yanatundikwa na watu waliohudhuria semina ya wiki mbili. Muulize alisomea wapi, amesajiliwa na nani, na ni nani anayesimamia kazi yake. Mshauri halisi hachukizwi na maswali hayo. Anayeahidi kukuzungumzisha na marehemu, anayetaka kukutajia aliyemroga mwendazake, anayedai ada ya vikao kumi kwa mpigo, au anayetaka mkutane hotelini usiku, mkimbie. Na ikiwa baada ya vikao vitatu au vinne unaona hamwelewani, una haki ya kumtafuta mwingine bila kutoa maelezo.

Wanaume ndio wagumu zaidi kufika. Wengi wao hukubali kuzungumza wakiwa na shughuli mikononi, au wakiambiwa kwamba ni kuhusu watoto. Si vibaya kuutumia mlango huo. Baba anayekuja "kuuliza namna ya kumsaidia binti yangu" aghalabu huishia kumzungumzia mkewe.

Jamaa wanaotaka kusaidia wasiseme tu "ukihitaji lolote nipigie", kwa sababu mfiwa hapigi. Wampigie wao, juma la tatu na la sita, na tena siku ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Wakiona amekwama, wamtafutie nafasi, wamwambie siku na saa, kisha waende naye. Kikao cha kwanza hakihitaji barua ya chifu wala cheti cha kifo. Anayemsindikiza na amfikishe hadi mlangoni, amsubiri nje, na njiani wakirudi asimuulize waliyozungumza.